Namna ya kuanza na kudumu katika utafiti wa VVU na kinga ya mwili

Anayetaka kuwa mtafiti wa kinga ya mwili dhidi ya VVU halazimiki kuanza na shahada inayobeba jina hilo. Profesa Thumbi Ndung'u, Mkenya ambaye ni miongoni mwa watafiti wanaoheshimika sana katika fani hii barani Afrika, alisomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Harvard kwa shahada ya uzamivu. Kwa hiyo, udaktari, sayansi ya maabara za tiba na baiolojia ya molekuli zote ni njia halali. Usichoweza kukikwepa ni takwimu. Wanafunzi wengi huiahirisha hadi wakati wa kuandika tasnifu, na hapo huwa wamechelewa, kwa sababu idadi ya washiriki na vipimo huamuliwa kabla ya tone la kwanza la damu kuchukuliwa.

Baada ya hapo tafuta maabara, na usisubiri shahada ya uzamili. Omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo mahali ambapo damu huchakatwa papo hapo, kwa mfano KAVI, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili jijini Dar es Salaam, au UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda mjini Entebbe. Taasisi hizi tatu zimeshiriki katika majaribio ya chanjo za VVU, kwa hiyo zinazo taratibu kali za kazi, na taratibu hizo hazisomwi vitabuni tu.

Kazi ya kuimudu kwanza ni kutenga seli nyeupe za damu. Damu iliyochukuliwa katika mirija yenye dawa ya kuzuia kuganda humiminwa taratibu, mrija ukiwa umeinamishwa, juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine. Seli nyekundu huzama chini, utegili, yaani majimaji ya damu, hubaki juu, na katikati hutokea utando mwembamba mweupe: humo ndimo zilimo seli za CD4 ambazo virusi huzishambulia na zile za CD8 zinazoua seli zilizoambukizwa. Utando huo hunyonywa kwa pipeti, seli zikaoshwa, zikahesabiwa, zikagandishwa polepole kwa kasi ya takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa dakika, na hatimaye zikahifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika. Andika saa damu ilipotoka mkononi mwa mshiriki na saa seli zilipoingia kwenye baridi. Damu iliyochelewa hutoa seli dhaifu, na mtafiti asiye na kumbukumbu hizo anaweza kudai kwamba kinga ya mtu haikuitikia virusi, ilhali kilichoshindwa ni sampuli. Kwa maoni yangu, anayeijua kazi hii kwa mikono yake husoma makala za wenzake kwa jicho kali zaidi kuliko aliyeanzia kwenye kompyuta.

Unapochagua swali la uzamivu, lifuate kundi la washiriki linalofuatiliwa kwa miaka mingi. Utafiti wa mtaa wa Majengo, Nairobi, ulioanza katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, uligundua kwamba baadhi ya wanawake waliofanya biashara ya ngono hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi, na wengine wao walikuwa na seli za CD8 zinazovitambua. Lakini ufuatiliaji ulipoendelea, baadhi yao waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi hiyo. Utafiti wa mwaka mmoja usingeliona jambo hilo. Mwulize msimamizi unayemwomba ni sampuli zipi za miaka iliyopita utakazoruhusiwa kutumia, na jina lako litakaa wapi katika makala zitakazotokana nazo. Ni afadhali maswali hayo yaulizwe kabla ya kusaini kuliko kugombaniwa baadaye.

Taratibu za vibali zianze mapema. Kenya utahitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu; Tanzania, mapitio ya kitaifa ya maadili ya utafiti wa afya yako chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kusafirisha sampuli nje ya nchi kuna makubaliano yake ya pekee.

Washiriki nao wana haki ya kunufaika. Katika mradi wa FRESH huko Umlazi, Durban, ambao Profesa Ndung'u ni miongoni mwa viongozi wake, wasichana wasio na VVU hupimwa mara mbili kwa wiki ili maambukizi yagunduliwe katika siku za mwanzo kabisa, na wakati huohuo hupewa mafunzo ya stadi za maisha na maandalizi ya ajira. Anayeambukizwa huanzishiwa dawa mapema. Basi unapoandika ombi lako la kwanza la ruzuku, tenga fungu la nauli za washiriki, la tafsiri ya fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka mtaani kwao, na la mkutano wa kuwaeleza matokeo kabla hayajachapishwa jaridani.