Somo: Kufunga draivu ya mota ya fezi tatu kwenye pampu ya kumwagilia

Draivu, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoilisha mota umeme na kuongoza kasi yake, nyingi ninazoitwa kuzitazama hazikuharibiwa na kazi. Ziliungua siku ile ile ya kufungwa, na kosa lilikwisha kufanyika kabla swichi haijawashwa. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye maandalizi. Mfano wetu ni pampu ya kumwagilia shamba la parachichi nje ya mji wa Mbeya, yenye mota ya kilowati 7.5. Tahadhari ndogo kwa anayekwenda kununua: wauzaji wengine huiita draivu "inveta", na ukiomba inveta bila kutaja mota unaweza kurudi nyumbani na ya sola.

Hatua ya 1: Soma kibao cha mota

Kibao cha mota yetu kinaonyesha volti 400/690, Δ/Y, ampea 14.8, hezi 50 na mizunguko 1,450 kwa dakika. Delta (Δ) na sta (Y) ni njia mbili za kuunganisha koili tatu za mota: delta kwa umbo la pembetatu, sta kwa umbo la nyota. Maana yake ni kwamba mota hupokea umeme wa volti 400 koili zake zikifungwa delta na wa volti 690 zikifungwa sta, na kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 400, mota hii tutaifunga delta. Ingekuwa ya 230/400, tungeifunga sta. Fundi aliyezoea stata ya sta-delta (inayowasha mota kwa sta kisha kuihamishia delta) hupenda kuziacha zile nyaya sita zinazokwenda kwenye mota pamoja na kontakta zake, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, lakini hapa zinatosha nyaya tatu tu, na delta inafungwa kwa vile vipande vitatu vya shaba vilivyomo ndani ya kisanduku cha mota. Kontakta za sta-delta ziondolewe kabisa.

Hatua ya 2: Chagua draivu kwa ampea

Kilowati zilizoandikwa kwenye boksi hazitoshi kukuamulia. Draivu nyingi hutoa ampea zake kamili hadi mwinuko wa mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na juu ya hapo hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100, kwa sababu hewa nyepesi haipoozi vizuri. Mji wa Mbeya uko kwenye mita zipatazo 1,700. Draivu ya ampea 17 itabaki na ampea 15.8 hivi, ambazo bado zinaitosha mota yetu, lakini ukiiweka kwenye kibanda cha bati ambacho mchana joto lake linavuka nyuzi 40, akiba hiyo ndogo inaisha. Mimi hapo hununua draivu ya kilowati 11 na kulala usingizi.

Hatua ya 3: Pima mota kwa mega (kipima insulesheni)

Pima kati ya koili na bodi ya mota kwa volti 500, na usikubali kitu kilicho chini ya megaomu 1. Fanya hivyo nyaya za draivu zikiwa zimefunguliwa, kwa maana volti za mega zikipita ndani ya draivu huua transista zake.

Hatua ya 4: Nyaya za nguvu

Umeme unaingia R, S, T (draivu nyingine huandika L1, L2, L3), na mota inatoka U, V, W. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kidogo ambako umeme ulipelekwa U, V, W. Draivu ilikuwa mpya, karatasi ya plastiki bado iko kwenye kioo chake, lakini nilipofungua kifuniko nilikuta masizi kuanzia terminali ya U hadi kwenye feni, na skrubu moja imeyeyuka kichwa. Fundi alikuwa amefuata rangi za waya. Katika utaratibu wa zamani waya wa bluu ulikuwa fezi, na katika utaratibu mpya bluu ni nyutro, hivyo kwenye jengo lenye nyaya za zama zote mbili rangi si ushahidi. Pima kwa multimita, kisha andika lebo kwa mkono wako.

Kati ya draivu na mota usiweke kapasita za kurekebisha pawafakta (zile za kupunguza umeme unaopotea bila kufanya kazi), wala kontakta inayokata mota ikiwa inazunguka.

Hatua ya 5: Ethi

Draivu huvujisha umeme kidogo kwenda ardhini hata ikiwa nzima, kwa hiyo waya wake wa ethi uwe wa shaba wa milimita za mraba 10 au zaidi. La sivyo, weka waya wa pili wa ethi wenye unene sawa na wa kwanza. Kebo ya mota iwe yenye wavu wa chuma, na wavu huo ubanwe kwa klempu kuzunguka kebo yote, pande zote mbili. Kuusokota kama mkia na kuubana chini ya skrubu moja hakuzuii kelele za umeme.

Hatua ya 6: Nyaya za amri

Nyaya za swichi na za kipima presha zikae sentimita 30 au zaidi kutoka kebo ya mota, na zikilazimika kuivuka, zivuke kwa pembe mraba.

Hatua ya 7: Kuwasha

Ingiza takwimu za kibao, weka sekunde 10 za kupanda hadi kasi kamili, kisha jaribu mota ikiwa haijaunganishwa na pampu. Ukihitaji kufungua kifuniko tena, zima umeme, subiri muda ulioandikwa kwenye draivu (kwa kawaida dakika 5 au zaidi), kisha pima kati ya terminali za DC (umeme wa mkondo mmoja ulio ndani ya draivu). Kapasita za ndani hukaa na volti zipatazo 565, na taa iliyozimika haithibitishi kwamba zimeisha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Morogoro: Shikamoo mwalimu. Mimi nina umeme wa fezi moja tu. Je, naweza kuendesha mota ya fezi tatu ya kilowati 1.5?

Jibu: Marahaba. Unaweza, kwa draivu inayoingiza fezi moja ya volti 230. Kumbuka tu kwamba itatoa fezi tatu za volti 230, si 400, kwa hiyo mota yako lazima iwe ya 230/400 na uifunge delta. Ukiiacha sta itazunguka, lakini itakosa nguvu na kuchemka ikibeba mzigo.

Mwanachama wa Arusha: Mota yangu inazunguka kinyume. Nimebadilisha R na S, bado.

Jibu: Draivu hugeuza kwanza umeme wote kuwa DC, hivyo mpangilio wa fezi zinazoingia haufiki kwenye mota. Zima, subiri kapasita, kisha badilisha U na V.

Mwanachama wa Iringa: Breka ya kuvuja umeme inakatika kila nikiwasha, na mega inasema mota ni nzima.

Jibu: Tazama aina ya breka kwanza. Draivu ya fezi tatu inahitaji aina B, kwa sababu aina za kawaida hazisomi vizuri uvujaji wenye DC. Usiitoe breka, wala usikate waya wa ethi ili itulie.

Mwanachama wa Mbeya: Mwalimu, kutoka kabati hadi kwenye pampu yangu ni mita 120. Kuna tatizo?

Jibu: Lipo. Kwenye kebo ndefu mapigo ya volti hurudi na kujumlishana kwenye mota, yakafika karibu mara mbili ya volti za DC, na insulesheni ya koili huchakaa mapema. Weka kichujio cha dV/dt (kinachopunguza kasi ya kupanda kwa mapigo hayo) kwenye upande wa U, V, W na ushushe masafa ya swichi ya draivu, yaani mara ambazo transista zake huwaka na kuzima kwa sekunde, au, kama kuna mahali pakavu karibu na pampu, hamishia draivu huko na uache kebo ndefu iwe ile ya kuingiza umeme. Mimi ningehamisha draivu.