Kabla ya Kuchonga Benchi la Kubeba

Kabla hujauliza bei ya mbao, jiulize benchi lako la useremala, la kufunguliwa na kuungwa tena kwa mteja, litasafiri na nini. Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi anayeitwa kupachika mlango Raskazone au kurekebisha kabati Chumbageni mara nyingi huenda nalo nyuma ya karia. Ubao wa juu ukizidi sentimita 120 unaanza kugonga wapita njia na kukuyumbisha kwenye kona. Mwenye bajaji ana nafasi zaidi, ila naye apime mlango wa bajaji, asikadirie kwa macho. Vipimo vingine vyote vinatokana na hapo.

Halafu uzito. Ubao wa juu wa sentimita 120 kwa 30, wenye unene wa sentimita 5, ukiwa wa paina una kama kilo 8. Wa msaji (mtiki) unakaribia 12. Jumlisha miguu na mihimili inayoiunganisha, benchi zima la paina linafika kama kilo 20, la msaji 30. Kilo hizo kumi utazihisi ngazini, ghorofa ya pili. Ushauri wangu ni paina kwa sehemu kubwa, na msaji kwa kabari na vigingi. Mashamba ya miti ya msaji ya Longuza yako hapo Muheza, kwa hiyo mabaki yake si shida kupatikana. Mninga ni mti mtulivu mno, haupindi ovyo, lakini kuugeuza meza ya kupigilia patasi ni israfu. Ukinunua, dai risiti, na kama mbao zinatoka nje ya wilaya, hakikisha muuzaji ana kibali cha kuzisafirisha. Pima kila ubao kwa futi pia: inchi mbili kwa nne ya dukani mara nyingi haifiki mbili wala nne.

Panapohitaji subira ni kwenye ukavu. Paina inayoshushwa kutoka Mufindi mara nyingi bado ina maji, na viungo vilivyochongwa kwenye mti mbichi vitalegea hata uvikaze vipi. Zipange mbao kivulini, upepo ukipita katikati, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja, juu ya matofali ili mchwa wasizifikie. Paka rangi kwenye ncha zake, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndipo nyufa zinapoanzia. Juani usianike. Chagua ubao mmoja, uandike namba, uupeleke kwenye mizani ya dukani kila wiki. Siku uzito wake utakapoacha kushuka, mbao ziko tayari. Kwa unyevu wa pwani yetu huo ukavu ni kama asilimia 14 hadi 16 ya maji, na mti ukishafika hapo haushuki zaidi kwa kuachwa tu kibarazani.

Hata hivyo mti hautulii kabisa. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa, na mwendo huo ni wa upana, si wa urefu. Ndiyo maana viungo vya kufunguliwa havifai kukazwa kwa kubana peke yake: ulimi, yaani ncha ya mti iliyopunguzwa iingie tunduni, ukiingia kwa shida mwezi wa pili hautatoka mwezi wa nne. Nenda kakitazame kitanda cha kamba cha wazee. Mifumbati (miti ya ubavuni) na vitakizo (ya kichwani na miguuni) vimeingia kwenye matundu ya matendegu, yaani miguu, bila msumari, na mvutano wa kamba ndio unaoviweka pamoja. Kamba ikilegea, unaivuta upya. Kwenye benchi kazi ya kamba inafanywa na kabari. Ulimi wa mhimili unapenya mguu mzima na kutokeza upande wa pili, kabari inapigiliwa kwenye tundu lililotobolewa katika ulimi huo, na bega la mhimili, pale ulimi unapoanzia, linavutwa likaume mguu. Msimu ukibadilika, unaigonga kidogo tu.

Mahali pa tundu la kabari pachorwe kwenye karatasi kwanza, kwa ukubwa halisi. Ukingo wake wa ndani uanze milimita 2 au 3 ndani ya uso wa nje wa mguu, usiwe sawa nao. Ukiwa sawa, kabari itagusa ulimi wenyewe kabla ya kuvuta chochote. Mbele ya tundu bakiza angalau sentimita 5 za mti, la sivyo ncha ya ulimi itachomoka kwa kufuata nyuzi. Mteremko wa kabari uwe sentimita 1 kwa kila 8 za urefu. Ukiwa mkali zaidi, kabari hujirudisha kwa mtikisiko wa randa.

Fremu mbili za miguu hazifunguliwi, kwa hiyo hizo zipate gundi na vigingi. Tundu la kigingi kwenye ulimi lisogezwe milimita 2 hivi kuelekea begani, ili kigingi kikipita kivute. Jaribu kwanza kwenye vipande. Ukipenda uimara zaidi bila kuongeza uzito, tanua miguu kwa chini, kama benchi za Wamoravia wa Salem, North Carolina, ambazo nazo hufungwa kwa kabari. Ndio Wamoravia haohao ambao kanisa lao lilifika Rungwe mwaka 1891.

Upana wa matundu uamuliwe na patasi uliyonayo. Kama nzuri yako ni ya milimita 25, ulimi uwe wa milimita 25, basi. Inoe kwenye kinoo mpaka inyoe nywele za mkono, na andaa msumeno wa meno madogo, skwea uliyoihakiki, geji ya kuchorea na gongo la mti. Kimo cha benchi kipime ukiwa umevaa viatu vya kazi: simama wima, mkono ulegee, kifundo cha mkono kilipo ndipo juu ya ubao. Anayepiga randa kutwa ashushe kidogo.

Jiliwa la chuma, kile kibanio kizito, liache karakana. Kizuizi cha mti mbele na matundu machache ya vigingi vinatosha kwa kazi za nyumbani kwa watu. Sakafu ya vigae ni tatizo jingine, maana benchi huteleza. Gundisha vipande vya tyubu kuukuu chini ya miguu, na ukipiga randa egemeza benchi ukutani.

Kila ulimi na tundu lake vipewe alama moja kwa patasi, kwa sababu viungo vilivyochongwa kwa mkono havibadilishani. Na chonga kabari sita ingawa benchi linataka nne. Mbili zitoboe, uzifunge kwa kamba kwenye mhimili, maana kwa mteja kipande kidogo cha mti mkavu hufagiliwa pamoja na maranda.