Kigoma hadi Dar kwa ndege: usipange safari kwa kilomita peke yake

Ndugu zangu wa Kigoma mnaounganisha ndege Dar es Salaam, hesabu hii itawasaidia. Kutoka uwanja wa Kigoma hadi Julius Nyerere kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,080. Reli ya zamani ni ndefu zaidi, kilomita 1,250 hivi, kwa hiyo msichukue umbali wa treni.

Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400 ikadirieni kilomita 600 kwa saa. Gawanya, unapata saa moja na dakika 48. Ongeza nusu saa ya kuruka, kupanda juu na kushuka: saa mbili na dakika 20.

Hapo ni kama haitui njiani. Angalia tiketi yako vizuri. Ikipitia Tabora, umbali hauongezeki sana, Tabora iko karibu njiani kabisa, lakini unaruka mara mbili na kukaa chini watu wapande na washuke. Hesabu saa tatu na zaidi. Kwa anayewahi ndege nyingine Dar, tofauti hiyo ni kubwa mno, na mimi nisingeacha chini ya saa nne katikati, hasa kama tiketi ni mbili tofauti na mzigo unauchukua mwenyewe.

Tena, simu inayojirekebisha saa ikinasa mtandao wa Burundi au Kongo itarudi nyuma saa moja. Usiku wa kuamkia safari, weka saa ya Tanzania kwa mkono.