Jinsi ya kutumia sukari mbadala bila kujiumiza
Kama una kisukari na chai isiyo na sukari haipandi, vidonge vya aspartame vinasaidia kweli maana havipandishi sukari kwenye damu, ila usivichemshe na chai, utamu unapotea, tia kikombeni mwishoni. Mwenye PKU (ugonjwa wa kurithi ambao mwili unashindwa kuchakata kitu kilichomo kwenye aspartame) asiguse kabisa! Kiwango cha juu ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 asizidishe 2,400. Kama unataka kupungua uzito tu, WHO mwaka 2023 walishauri tusizitegemee hizi sukari mbadala, bora upunguze sukari kidogokidogo mpaka ulimi uzoee. Na jamani, sukari ikikushuka ghafla soda ya zero haikusaidii kitu, kunywa ile yenye sukari yenyewe, haraka.