Somo: Mguu umevunjika kwa ajali ya gari na wodini wamekuruhusu. Wiki zinazofuata nyumbani

Somo hili ni la aliyevunjika muundi (mfupa wa goti hadi kifundo) au paja, akafungwa plasta gumu au akawekewa chuma ndani ya mfupa, kisha akaruhusiwa. Hospitali humaliza kazi yake kubwa kwa siku chache. Zinazobaki ni wiki 12 hadi 16 kwa muundi na miezi 3 hadi 6 kwa paja, na hizo ni zako na wa nyumbani kwako. Mifupa mingi huunga. Kinachowaacha watu wakichechemea miaka na miaka mara nyingi si mfupa: ni goti lililokakamaa, kisigino kisichogusa chini, na kliniki zilizorukwa kwa sababu maumivu yamepungua.

Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu haya

Je, mguu ukanyagwe au usikanyagwe, na kwa uzito gani? Nyuzi za kidonda zitolewe lini? (Kwa mguu kawaida ni siku ya 10 hadi 14.) Eksirei ya marudio ni lini? Wengi hupangiwa wiki ya 6, kisha ya 12. Mwambie daktari aandike, maana "usikanyage sana" kila mtu hulitafsiri kwa miguu yake mwenyewe.

Ondoka na picha zote za eksirei. Kwa Tanzania, toa pia kopi mbili tatu za PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na uandike namba ya usajili ya gari lililohusika. Kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, na madai ya fidia huanzia kwenye karatasi hizo. Risiti za dawa na za nauli za kliniki zikae bahasha moja.

Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza za plasta

P.O.P (hiyo plasta gumu) hukauka kabisa baada ya siku 2 hadi 3, hata kama juu imeshakuwa ngumu. Kabla ya hapo ibebe kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Alama ya kidole hubonyea ndani, ikikauka inakuwa kinundu kinachotoboa ngozi polepole. Ilaze juu ya mto, isilale kwenye ukingo wa kitanda.

Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kukaa kwenye kochi na kuweka mguu juu ya stuli si kuinua, kwa sababu moyo bado uko juu yake. Lala chali, weka mito miwili au mitatu kuanzia chini ya goti hadi kisigino.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote za somo hili. Misuli ya muundi imefungwa ndani ya mifuko ya utando mgumu usiotanuka. Damu na uvimbe vikijaa humo, na plasta ikibana kwa nje, mishipa midogo ya damu huzibwa na misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa. Dalili ya pili: mtu mwingine akikunja na kunyoosha vidole vya mguu wako taratibu, maumivu yanapasua ugoko. Ganzi, vidole vya baridi na kushindwa kuvichezesha huja baadaye, na ukivisubiri umechelewa. Mapigo ya damu juu ya wayo yanaweza kuwepo bado, yasikudanganye. Ukiona hayo, nenda hospitali usiku huohuo, plasta ipasuliwe. Njiani mguu ulale usawa wa moyo, usiuinue zaidi, maana kuuinua kunapunguza hata ile damu kidogo inayofika.

Hatua ya 3: Magongo

Simama wima na viatu. Kati ya ncha ya juu ya gongo na kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Mshikio uwe usawa wa kiungo cha kiganja mkono ukining'inia, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Uzito hubebwa na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana neva za mkono, na baada ya wiki chache kiganja kinalegea asiweze kukiinua.

Ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha mgonjwa na magongo. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Kagua mpira wa chini ya gongo kila wiki, kwa sababu sakafu ya saruji huula haraka na ukiisha gongo linateleza kwenye vigae vilivyolowa.

Ukiambiwa ukanyage kwa kilo 20, zijue kwanza. Weka wayo mgonjwa juu ya mizani ya kupimia uzito, na chini ya mguu mzima weka ubao wenye kimo sawa na mizani. Kandamiza hadi isome 20, ushike moyoni hisia hiyo. Rudia asubuhi kwa siku kadhaa.

Hatua ya 4: Wayo na goti

Ukilala, wayo huanguka mbele wenyewe. Ukiachwa hivyo wiki kadhaa, msuli wa nyuma ya muundi hufupika na kisigino kinagoma kushuka. Kama huna plasta, kaa ukinyoosha mguu, pitisha kanga chini ya wayo karibu na vidole, vuta kuelekea kwako kwa sekunde 30. Mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Usiku egemeza wayo kwenye boksi lililojazwa nguo ili usimame wima.

Mwenye plasta achezeshe vidole mara 10 kila saa akiwa macho. Wote, wenye plasta na wasio nayo, wakaze msuli wa mbele wa paja: bonyeza goti kuelekea godoro, shikilia sekunde 5, achia. Mara 10, vipindi 3 kwa siku.

Mto mmoja mdogo chini ya goti peke yake ni raha, na ni mtego. Goti linazoea kukunjika na halinyooki tena. Kwa waliowekewa chuma na kuruhusiwa kukunja: kaa ukingoni mwa kitanda, acha muundi ushuke kwa uzito wake, kisha usaidie kwa mguu mzima. Lengo ni goti kukunjika nyuzi 90 (pembe ya mraba) kufikia wiki ya 6, kwa sababu chini ya hapo hata kiti cha daladala hukikai sawasawa. Maumivu ya kuvuta ni ya kawaida. Maumivu yanayobaki usiku kucha maana yake umezidisha, punguza kwa nusu.

Hatua ya 5: Choo na kuoga

Choo cha kuchuchumaa ndicho huangusha watu. Wengi hutoboa kiti cha plastiki, lakini kikishatobolewa katikati hupoteza nguvu na miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji. Mpe fundi seremala kazi: stuli ya mbao yenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu. Pigilia na kipande cha mbao ukutani cha kushika. Kwa kuoga, plasta iingie mifuko miwili ya nailoni, kila mmoja na mpira wake juu, na ibaki nje ya maji hata hivyo.

Hatua ya 6: Dawa na chakula

Paracetamol ya miligramu 500 kwa mtu mzima: vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol, hesabu pamoja. Diklofenaki imezwe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha amuulize daktari kwanza. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda vimalizwe. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla kifua kikichoma, ni dharura.

Supu ya kongoro inywe kwa utamu wake. Kalsiamu yake ni ndogo kuliko sifa. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mayai ndivyo vinavyojenga. Mtu wa kilo 60 alenge gramu 70 hadi 90 za protini kwa siku. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Acha walau miezi hii.

Maswali ya wanachama

Mama Wawili: Wakwe wanasema tutoe plasta, mzee mmoja anaunga mifupa kwa vijiti na mafuta. Tufanyeje?

Jibu: Wakwe muwape shikamoo yao kwa heshima, plasta msitoe. Vijiti vikikazwa kwenye mguu unaovimba huleta ileile hatari ya Hatua ya 2, na miguu huishia kukatwa. Kuchua juu ya mfupa usiounga nako huusogeza. Kama lazima mzee aridhike, aombe dua tu.

Dereva Mstaafu: Ndani ya plasta kunawasha mno. Nimeingiza spoku ya baiskeli.

Jibu: Itoe, mzee wetu. Mchubuko humo ndani hauonekani hadi utoe usaha. Gongagonga plasta kwa nje, au puliza hewa baridi ya feni kwenye mdomo wake. Ukisikia harufu mbaya, doa likipenya, au homa, rudi kliniki bila kusubiri tarehe.

Kijana wa Toroli: Wiki ya 10, muundi, eksirei inasema mfupa "bado". Nirudi kazini?

Jibu: Wiki ya 10 kuwa bado si ajabu, hasa kama mfupa ulitoboa ngozi. Kusukuma toroli hapana. Mfupa usipoonyesha kusonga mbele kwa miezi 3 mfululizo, uliza kama utahitaji kupandikizwa mfupa au kubadilishiwa chuma.

Binti Tanga: Baba aligonga kichwa pia. Tangu jana analalalala na ametapika mara mbili.

Jibu: Mpeleke sasa hivi, usimalize kusoma. Kutapika, usingizi usioamshika vizuri, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, au majimaji puani na masikioni ni dalili za damu au uvimbe ndani ya fuvu, hata siku kadhaa baada ya ajali.

Abiria: Mguu umepona lakini nikisikia breki moyo unaruka, na usiku naota. Ni mwezi wa tatu.

Jibu: Wiki za kwanza hilo hutokea kwa wengi na huisha. Likivuka mwezi mmoja lina tiba, si udhaifu wa imani. Ulizia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa. Wakati huohuo anza kidogokidogo: kaa ndani ya gari lililosimama dakika 10, kisha safari ya kituo kimoja na mtu unayemwamini. Kukwepa magari kabisa huikuza hofu.

Mama Wawili: Na chuma, kitolewe lini?

Jibu: Kwa mtu mzima, kisipomsumbua, hukaa humo maisha yake yote.