Kubadilisha usukani wa Yamaha AG 100 ya zamani kwa barabara za Goma

Ukishika pikipiki inayoenda moja kwa moja na mkono wako mmoja uko mbele kuliko mwingine, mara nyingi usukani umepinda. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, hilo ni jambo la kila wiki. Mawe yaliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwezi wa Januari 2002 bado ndiyo sakafu ya mitaa mingi, na pikipiki ikilala juu yake, ncha ya usukani ndiyo inatangulia kugonga. Motari, yaani dereva wa pikipiki, anaamka, anajifuta vumbi, anaenda kwa fundi wa kuchomelea: usukani unapashwa moto, unavutwa kwa bomba, unarudishwa kazini jioni ileile.

Naomba usifanye hivyo. Chuma kilichokunjika kisha kikanyooshwa bila moto hupata nyufa ndogo palepale kilipokunjika, na kilichopashwa moto hulainika. Usukani ukikatika mkononi huku umebeba mama na mtoto, unapoteza uelekeo, na breki ya mbele au klachi, kwa mara moja. Usukani uliopinda unabadilishwa, haunyooshwi.

Nimechukua AG 100 kama mfano kwa sababu ni pikipiki ngumu, iliyopendwa na mashirika na misheni, na zilizobaki mikononi mwa watu sasa ni wazee. Kazi ni ileile kwa DT 125, na kwa sehemu kubwa hata kwa Boxer na TVS.

Kwanza, hakikisha mgonjwa ni usukani

Mteja akifika atakwambia "gido inavuta kushoto", yaani usukani. Usifungue kitu bado. Simamisha pikipiki mahali tambarare, nyoosha gurudumu la mbele, kisha pima kwa mita kutoka kila ncha ya usukani hadi katikati ya nyuma ya kiti. Vipimo vikitofautiana, simama mbele ya pikipiki, ushike gurudumu katikati ya magoti, uangalie vile vishikio viwili vinavyobana usukani. Kama vishikio viko sawa na gurudumu lakini ncha moja imerudi nyuma au imeshuka, ni usukani. Kama usukani wenyewe umenyooka lakini gurudumu linatazama pengine, basi shokapu za mbele zimejisokota ndani ya sahani zinazozishika. Hapo dawa ni kulegeza ekseli na bolti za sahani ya chini, kunyoosha, na kukaza upya. Ukimuuzia mtu usukani mpya kwa tatizo hilo umemla pesa bure.

Angalia pia kama vishikio vyenyewe vimekaa juu ya mipira. Mipira ikiisha, usukani unacheza hata ukiwa mzima. Na ukiinua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu kulia na kushoto: ukisikia unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha, na hiyo ni kazi nyingine ya kupanga pamoja na hii.

Kununua: chukua wa zamani uende nao

Usiende Birere wala soko la Virunga mikono mitupu. Beba usukani wa zamani, hata uliopinda, na kalipa (kifaa cha kupima unene) kama unayo. Pikipiki za aina hii zinatumia bomba la milimita 22 pale linapobanwa. Baadhi ya pikipiki kubwa zinatumia 25.4 au 28.6, na hizo hazitaingia.

Hapa ndipo ninaomba usome polepole. Kuna usukani unaotengenezwa kienyeji kwa bomba la maji la nusu inchi. Kwa macho unafanana kabisa, na bei yake inashawishi. Lakini bomba hilo kwa nje lina milimita 21.3. Upungufu huo wa chini ya milimita moja unatosha: unakaza bolti, kofia ya kishikio inafika mwisho na kugusana na sehemu ya chini kabla haijalibana bomba. Unahisi spana imekaa ngumu, unaridhika. Kwenye shimo la kwanza, usukani unazunguka kuelekea tangi. Fundi mwingine anaweka kipande cha kopo katikati ili kujaza nafasi. Kopo linasagika na mtetemo, na baada ya muda uko palepale. Tena bomba la maji limetengenezwa kupitisha maji, halikuwekewa ugumu wa kubeba uzito wa mtu kwenye ncha mbili. Ukipima 21.3, mrudishie muuzaji kwa heshima.

Mengine ya kuangalia dukani: sehemu ya katikati iwe na meno madogo ya kukamata, urefu na kimo vikaribiane na wa zamani, kwa sababu usukani mrefu zaidi utadai kebo ndefu zaidi, tundu dogo la pini ya swichi liwepo mahali pake. Kama halipo utalitoboa mwenyewe, dogo, baada ya kupima. Usikate kile kipini cha swichi ili kukwepa kutoboa, maana swichi itazunguka kila ukiigusa.

Kufungua

Unahitaji spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi mbili, koleo, brashi ya waya, kitambaa kinene cha kufunika tangi, na simu. Simu ni ya kupiga picha: kebo zinapita wapi, nyuma au mbele ya shokapu, nyaya zimefungwa wapi. Piga kutoka kulia, kushoto na juu. Chukua picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha.

Tandika turubai au ubao chini. Ule mchanga mweusi wa volkano unakata kama msasa, na ukiingia kwenye gesi (kishikio cha kulia cha kuongeza mwendo) au kwenye kebo hautoki kwa kupuliza.

Chomoa betri kama ipo. Toa vioo. Kwenye leva ya klachi, zungusha skrubu ya kurekebisha mpaka ndani, panga mfereji wake na mfereji wa leva, vuta gamba la kebo na kichwa kitatoka chenyewe. Breki ya mbele ya AG 100 ni ya ngoma, kwa hiyo inafunguka vilevile. Ukilegeza kwanza nati ya chini kwenye gurudumu, kebo inatoka bila vita. Kama yako ni pikipiki ya breki ya disiki, kile kikopo cha mafuta ya breki kiache kimesimama wima, ukifunge kwa kamba, kisining'inie kwenye bomba lake. Mafuta yake yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mara moja.

Fungua swichi, kisha nyumba ya gesi, utoe kebo ya gesi. Mipira ya mikono ya zamani ikate kwa wembe. Ukitaka kuiokoa, ingiza bisibisi nyembamba chini yake, mwagia maji ya sabuni, uzungushe.

Mwisho, bolti nne za kofia za vishikio. Legeza kila moja kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Angalia kabla ya kutoa: kofia zina alama? Nukta au mshale? Iandike.

Kusafisha vishikio

Sugua kwa brashi mpaka uone chuma. Kutu, rangi na mafuta vyote vinaondoka. Tafuta ufa kwenye kofia, hasa karibu na tundu za bolti. Bolti iliyovutika, yaani nyuzi zake zimepungua unene katikati, itupwe. Usipake grisi mahali pa kubana usukani.

Kufunga usukani mpya

Weka usukani, rudisha kofia, kaza kwa vidole tu. Kama kofia zina nukta au mshale, alama inatazama mbele: unakaza bolti za mbele kwanza mpaka mwisho, kisha za nyuma, na nafasi inabaki upande wa nyuma. Kama hazina alama, kaza kwa kupishana ili nafasi ya mbele na ya nyuma zilingane. Kwa vyovyote vile lazima nafasi ibaki mahali fulani. Ukiona kofia imefunga kabisa pande zote mbili, rudi kwenye kalipa yako.

Kabla ya kukaza, mwite mwenye pikipiki apande. Huyu ndiye atakayekaa hapo kutoka Sake mpaka Birere na magunia ya makala nyuma yake, si wewe. Mabega yashuke, viwiko vikunjike kidogo, vifundo vya mikono visikunjike kwenda juu. Wengi wanapenda kuusimamisha usukani juu sana kwa urembo; ukikutana na mashimo ya mtaa wa Majengo, mikono inachoka na unashindwa kuusukuma.

Sasa kaza. Kwa bolti za milimita 8 vitabu vingi vinataja kati ya Nm 15 na 25 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kitabu cha pikipiki yako kikiwepo kifuate hicho. Huna spana ya kipimo? Ukitumia spana yenye mpini wa sentimita 15, nguvu ya kama kilo 13 kwenye ncha yake inakupa karibu Nm 20. Usiongeze bomba kwenye spana. Nyuzi za kishikio zikikatika, gharama inakuwa kubwa kuliko usukani.

Gesi, klachi, breki

Ncha ya kulia isuguliwe iwe laini, isiwe na vipele vya chuma, ikaushwe. Mrija wa gesi uingie wenyewe na uzunguke kwa uhuru. Mafuta mepesi sana yanatosha. Grisi nyingi inakusanya ule mchanga niliousema. Acha milimita 1 au 2 kati ya mpira na mwisho wa usukani ili usisuguane. Ukiachia, gesi irudi na kugonga, tak. Ikirudi kwa uvivu, usiendelee mpaka ujue kwa nini.

Mipira ya mikono ibandike kwa gundi, au ilowanishe kwa petroli kidogo tu ndipo uiingize, kisha iache ikauke mpaka kesho yake. Usitumie sabuni wala oili kuiingiza. Mvua ya kwetu ikiikuta sabuni mle ndani, mpira utazunguka mkononi.

Leva zipange zifuate mstari wa mikono yako, vidole vizifikie bila kukunja kifundo. Vishikio vya leva vibane vizuri lakini visikazwe kupita kiasi: pikipiki ikianguka, ni heri leva izunguke kuliko ivunjike. Klachi iwe na nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya leva kabla haijaanza kufanya kazi. Breki ya mbele hivyohivyo, lakini hakikisha gurudumu linazunguka bila kukwaruza.

Kwa AG 100 na ndugu zake wa mipigo miwili, yaani injini zinazochoma oili pamoja na petroli, kuna jambo ambalo wengi wanaliruka. Kebo ya gesi inagawanyika: tawi moja linaenda kabureta, jingine linaenda pampu ya oili. Usukani mrefu ukiivuta kebo, hubadilishi gesi peke yake, unabadilisha na kiasi cha oili kinachoingia injini. Ikipungua, pistoni inashika. Fungua kifuniko cha pampu, zungusha gesi kama kitabu kinavyosema, uangalie kama alama kwenye gurudumu dogo la pampu inakutana na pini yake. Kama haikutani, rekebisha kebo ya pampu. Dakika chache hizi ndizo zinaokoa silinda.

Jaribio ambalo siruki kamwe

Rudisha kebo kama zilivyo kwenye picha zako. Zisipite mahali zinapoweza kubanwa kati ya shokapu na tangi, na zisikunjwe kwa kona kali. Geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Hakuna kebo inayokazika, hakuna waya wa umeme unaovutika, leva haigusi tangi.

Kisha piga kiki, uko nje penye hewa, gia haipo. Acha injini iungurume ralanti, yaani mwendo wake wa chini kabisa, bila kugusa gesi, na ugeuze usukani polepole mpaka mwisho wa kila upande. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikipanda ukiwa umegeuza, kebo inavutwa. Barabarani maana yake ni hii: unakata kona kali ya rondi-puwa (mzunguko wa barabara), pikipiki inaongeza mwendo yenyewe. Usimkabidhi mtu pikipiki ya namna hiyo kwa ahadi kwamba utaitazama kesho. Tafuta kebo ndefu zaidi au ushushe usukani.

Zima. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, sukuma ncha za usukani chini kwa uzito wako wote, kisha zivute juu. Usukani usisogee. Washa taa, honi, na taa ya breki kwa leva ya mbele kama ipo.

Endesha kwanza uwanjani peke yako, halafu kwenye lami, halafu kwenye mawe, bila abiria. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, rudia spana kwenye bolti zote nne, maana mtetemo wa mawe unazilegeza. Kebo nazo zitakuwa zimekaa, kwa hiyo pima tena nafasi ya klachi.

Usukani wa zamani ukate vipande viwili kabla ya kuutupa. Ukiuacha mzima nyuma ya garaji, kuna mtu atauokota, ataunyoosha, na utarudi barabarani kwenye pikipiki ya mwingine.