Somo: Kujenga Stesheni Ndogo ya Tawi la Voi–Taveta kwa Kipimo cha 1:87

Wanachama kadhaa wa kundi letu la wajenzi wa modeli za reli wameniomba nieleze hatua kwa hatua jinsi nilivyojenga modeli ya stesheni yangu ya Mgunga, ambamo kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kilivyo halisi. Nitangulie kusema kwamba stesheni yenye jina hilo haipo. Nimeibuni mimi, nikaiweka kilomita chache mashariki mwa mji wa Taveta, kwenye tawi la reli lililojengwa na jeshi la Waingereza kuanzia mwaka 1915 ili kupeleka askari na maji kwenye mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ambalo mwaka uliofuata liliunganishwa na reli ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Nilichagua kubuni kituo badala ya kuiga kilichopo kwa sababu nafasi niliyo nayo ni kipande kimoja cha plaiwudi, na hakuna stesheni ya kweli inayokubali kukunjwa ikaingia humo. Kila kitu kingine, kuanzia upana wa reli hadi nafasi kati ya mche na mche wa mkonge, nimekipima kutokana na vitu halisi vya upande ule. Wakati nilioulenga ni miaka ya 1960, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambapo injini za mvuke zilikuwa bado zinavuta mizigo na zilipakwa rangi ya damu ya mzee.

Hatua ya kwanza: kipimo na reli

Reli zetu za zamani zina upana wa milimita 1000. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya modeli ya milimita 12 inauzwa tayari na watengenezaji wa Ulaya, Peco wakiwemo, kwa ajili ya watu wanaoiga reli nyembamba za Uswisi. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa jicho. Msinunue reli ya kawaida ya milimita 16.5 kwa kuwa tu ni rahisi kupatikana. Hiyo ni reli pana ya Ulaya, na behewa letu likikaa juu yake huonekana kama mtu aliyevaa viatu vya babake.

Hatua ya pili: ubao wa msingi

Plaiwudi nzima ina urefu wa sentimita 244 na upana wa 122. Niliikata kwa urefu nikapata vipande vya upana wa sentimita 45, kisha nikakikata kimoja katikati ili kiweze kubebwa ngazini, na chini yake nikapigilia fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja. Ubao wangu wa kwanza kabisa ulikuwa wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, wa bei nafuu, nao ulistahimili kiangazi chote hapa Mombasa. Masika yalipoingia ukafura kama mkate, na reli zikapanda na kushuka kama mawimbi ya Likoni. Tangu hapo natumia plaiwudi ya milimita 9 iliyopakwa vanishi pande zote mbili, hata upande usioonekana.

Hatua ya tatu: kulaza reli na kuunganisha umeme

Mgunga ina njia kuu, njia moja ya kupishania yenye nafasi ya sentimita 110, na tawi fupi la kwenda kwenye ghala la mkonge. Hiyo ndiyo yote. Treni yangu ni injini, mabehewa manne ya mizigo na behewa la gadi, nayo haizidi sentimita 100. Mara nyingi mtu hujaribiwa kuongeza njia ya tatu na ya nne, na matokeo yake ni yadi ya Changamwe iliyokosa nafasi, wakati tawi la mashambani linajulikana kwa upweke wake: reli moja, jukwaa fupi la udongo, na ukimya mrefu kati ya treni na treni.

Waya mbili nene zipite chini ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kipande cha reli kilehemewe waya wake mwembamba wa kuteremka hadi hapo. Msitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, kwa sababu hewa ya chumvi huvila mapema. Acheni mwanya wa nusu milimita kwenye kila kiungo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka wakati wa joto.

Jambo moja kuhusu mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini ya reli. Katika nchi hizi mataruma ya chuma yalitumika kwa wingi, kwa kuwa mchwa hawakuyasaza yale ya mbao, ilhali reli za dukani huja na mataruma yaliyochorwa mishipa ya mti. Niliyasugua kwa msasa laini mpaka mishipa ikafutika, nikayapaka rangi ya kutu, kisha nikaziba ncha zake kwa kokoto.

Hatua ya nne: udongo

Udongo mwekundu wa Taita hauna mbadala, hivyo nilikwenda kuuchota. Uoke kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni, kisha upitishe sumaku juu yake mara tatu au nne. Hili la sumaku msilidharau, kwani udongo mwekundu una chembe za chuma ambazo huvutwa na mota ya injini na kuiua polepole. Kokoto za reli ni mchanga wa punje za nusu milimita hivi, ambazo kwa kipimo chetu ni sawa na kokoto halisi za sentimita nne au tano.

Mwaga vikiwa vikavu, vipange kwa brashi, vinyunyizie maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, halafu dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha gundi kwa vitatu vya maji. Udongo ukinywa gundi huwa mweusi kuliko ulivyokuwa. Mimi huuchanganya na robo ya udongo wa manjano kabla ya kuumwaga, nao ukikauka hurudi kwenye wekundu wake.

Hatua ya tano: mkonge

Hapa ndipo nilipomaliza miezi mitatu. Shamba la mkonge hutambulika kwa mpangilio wake kabla hujaona jani lenyewe: mistari miwili miwili, mita moja kati ya mstari na mwenzake, mita nne za njia hadi jozi inayofuata, na sentimita 80 kati ya mche na mche. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 11.5, milimita 46 na milimita 9. Kwenye eneo la sentimita 40 kwa 25 niliotesha mimea ipatayo 350. Kila mmoja ni vipande vitatu vya karatasi ya kijani-kijivu iliyokatwa mfano wa nyota yenye ncha kali, vikafinywa katikati na kubandikwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa kimezungushwa kidogo. Majani yasizidi milimita 14. Nyasi kavu za pembeni, kwa upande wake, ni mkonge wenyewe: kamba kuukuu iliyofumuliwa, ikakatwa vipande vya milimita 8 na kusimamishwa kwenye gundi kifungu kwa kifungu.

Hatua ya sita: majengo

Ofisi ya stesheni masta, ghala na safu ya nyumba nne za landhi (makazi ya wafanyakazi wa reli) zote ni za kadibodi ngumu. Siri iko kwenye mabati. Migongo ya bati halisi huachana kwa milimita 76 hivi, yaani milimita 0.87 kwa kipimo chetu, na skrubu ya M5 (yenye unene wa milimita 5) ina hesi zilizoachana kwa milimita 0.8. Chukua foili nene ya vyombo vya kufungia chakula cha mkahawani, ilaze juu ya kipande cha mpira, halafu viringisha fimbo ya hesi ya M5 juu yake huku ukiikandamiza. Mistari itatoka imeinama kidogo kwa sababu hesi ni mzunguko. Wakati wa kukata, fuata mistari yenyewe na usifuate ukingo wa foili. Kata bati moja moja, libandike kwa kulipandishia jirani yake, na upake kutu kwenye miungano tu, kwani bati huanza kuliwa pale maji yanapojificha.

Hatua ya saba: mlima

Picha ya nyuma nimeichora kwenye kitambaa kilichopakwa rangi nyeupe, na hapa makosa ni ya kawaida sana, yangu yakiwa ya kwanza. Kila mtu huchora Kilimanjaro kama ukuta. Kutoka Taveta hadi kilele cha Kibo ni kilomita 50 hivi, na ukipiga hesabu utaona kwamba mtu anayesimama mita moja kutoka kwenye kitambaa anapaswa kuuona mlima wenye kimo cha sentimita 10 tu juu ya upeo wa macho. Kibo iwe kushoto, Mawenzi kulia, na kati ya vilele viwepo sentimita 16 au 17. Mawenzi ni fupi kwa zaidi ya mita 700, lakini kwa upande huo iko karibu zaidi, hivyo huonekana imelingana na Kibo. Wanaoufahamu mlima kutoka Moshi watalalamika. Tumia samawati iliyofifia yenye weupe mwingi, bila kijani hata kidogo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga:* Kaka, kazi ni nzuri, lakini nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge na kuna jambo linanikera. Umesimamisha milingoti (mabua marefu ya maua) katikati ya mistari ambayo mimea yake bado ina majani hadi chini. Mkonge ukitoa mlingoti umeshakatwa miaka mingi, shina liko wazi, na baada ya hapo hufa.

*Jibu:* Dada yangu, nimeshindwa kujitetea. Nimeing'oa milingoti yote na kuihamishia kwenye kipande cha shamba kuukuu nyuma ya ghala, ambako mimea nimeipandisha juu ya vijiti vya milimita 6 ili shina lionekane. Milingoti ina urefu wa sentimita 6 hadi 7.

*Mwanachama wa Nairobi:* Ninaishi chumba kimoja na nafasi yangu ni rafu ya mita moja. Je, niache?

*Jibu:* Tumia kipimo cha 1:120. Mita moja hapo inakuwa milimita 8.3, na reli ya milimita 9 iko karibu vya kutosha. Mota na fremu za ukubwa huo zinapatikana kwa wingi, hata zilizotumika, nawe utajenga mwili tu kwa plastiki ya bapa. Jenga upande mmoja wa stesheni, ufiche mwisho wa reli nyuma ya mbuyu. Mbuyu wa mita 15 kwako utakuwa sentimita 12.5, na hufunika mengi.

*Mwanachama huyo huyo:* Je, naweza kuendesha Garratt ya daraja la 59, ile injini kubwa ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu?

*Jibu:* Hapana. Zilikuwa injini 34, zilizojengwa na Beyer Peacock kwa ajili ya njia kuu ya kutoka Mombasa, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kwenye rafu yako ingechukua zaidi ya robo ya urefu. Nenda Makumbusho ya Reli hapo Nairobi ukaitazame *Mount Gelai*, nambari 5918, kisha urudi nyumbani ujenge daraja la 24, ile ya magurudumu 4-8-0 (manne mbele, manane ya kuvutia, bila ya nyuma) ambayo ndiyo iliyozoea matawi.

*Mwanachama wa Lamu:* Injini yangu hushtuka na kusimama kila baada ya siku chache. Nimesugua reli kwa msasa, hali ikazidi.

*Jibu:* Msasa huacha mikwaruzo, na uchafu hukaa humo. Tumia kitambaa cha pamba na spiriti, usafishe na magurudumu pia.

*Mwanachama mstaafu wa reli:* Kijana, ile njia ya ghala umeiacha wazi. Behewa likiachwa pale bila breki, upepo wa alasiri unatosha kulisukuma hadi njia kuu, na treni ya Moshi inakuja.

*Jibu:* Shikamoo Mzee. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jana usiku nimechonga kabari ya kuzuia magurudumu kutokana na njiti ya kiberiti, nikaipaka rangi nyeupe na kuiweka juu ya reli mita nne kabla ya pointi (pale njia mbili zinapoungana), yaani milimita 46 kwa kipimo chetu, na pembeni nimesimamisha kibao kidogo. Kufuli yake sijaweza kuitengeneza. Kila nikiipata kwenye ncha ya sindano, inarukia sakafuni.